Taa za mtaa na Kilimia

Mtaa wetu hapa Morogoro umewekewa taa za LED. Mama lishe wanaofunga biashara usiku sasa wanarudi nyumbani bila hofu, na hilo ni jambo kubwa, sitaki zizimwe. Ninacholilia ni anga. Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho babu alikitazama kabla ya kupanda, nilizoea kukihesabu nyota sita kwa macho matupu. Leo, kutoka uani kwangu, naona kaukungu tu.

Shida ni rangi ya mwanga na uelekeo wake, maana mwingine unapotelea juu. Taa za zamani za sodiamu zilikuwa za rangi ya chungwa. LED nyeupe kali, za Kelvini 4000 na kuendelea (kipimo cha rangi ya mwanga: kikipanda, bluu huongezeka), zina bluu nyingi, na hewa hutawanya bluu kuliko nyekundu, kama inavyofanya mchana kwa mwanga wa jua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science, uliotegemea macho ya watu wa kawaida, hasa wa Ulaya na Marekani Kaskazini, ulikuta anga la usiku likizidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka kati ya 2011 na 2022. Inaniuma kufikiri wanangu watakua katika anga la namna hiyo.

Na dawa ipo! Taa zifunikwe juu ili zimulike barabara, ziwe za Kelvini 3000 au chini, zipunguzwe nguvu usiku wa manane. Mwenyekiti wa mtaa ameniambia nilete barua. Ninaiandika wiki hii. Jirani anayetaka kutia saini aje.