Ramani ya Afrika ya plaiwudi: wiki ya sita, shida ni rangi

Kukata nimemaliza. Vipande 50, zile nchi tano za visiwa vidogo nimezichora kwenye ubao wenyewe, maana Shelisheli kwa kipimo hiki ni kama punje ya mtama. Ramani ina urefu wa mita moja, kwa hiyo sentimita moja ni kama kilomita 80. Gambia imekuwa njiti ya kiberiti. Kile kidole cha Namibia kinachonyooka kuelekea Zambezi kina milimita nne tu palipo pembamba, na kimenikatikia mkononi mara mbili. Nimekibandika kwa gundi ya mbao, nikakifunga uzi usiku kucha. Kovu linaonekana, lakini kimeshika.

Rangi ndiyo kasheshe. Kanda tano, makopo matano, nikadhani ni kazi ya Jumamosi moja.

Nilianza na mgawanyo wa Umoja wa Mataifa, ule wa takwimu. Kopo la Mashariki likaisha kabla ya mengine, kwa sababu humo zimo hata Zambia, Zimbabwe, Malawi na Msumbiji, na Kusini zinabaki tano tu: Afrika Kusini, Botswana, Namibia, Lesotho na Eswatini. Mzimbabwe ukimwambia yeye ni mtu wa Afrika Mashariki, sijui atacheka au atanuna. Nikapiga msasa, nikahamia kwenye mgawanyo wa Umoja wa Afrika. Una siasa zake, sawa, ila hapa wenyewe ndio waliojigawa. Zimbabwe na wenzake wakarudi Kusini, Angola ikatoka Kati ikawafuata, Sudan ikaja Mashariki, Mauritania ikaenda Kaskazini. Nilikuwa napiga mluzi mpaka nilipofika Burundi. Rwanda wameiweka Mashariki, Burundi Kati. Vipande viwili vya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, pacha kabisa, eti kimoja chungwa na kingine kijani!

Jumapili nikamwita binti yangu, yuko darasa la nne, avipange vipande kwenye visanduku vyenye majina. Kwenye kile nilichoandika AFRIKA KUSINI akaweka kipande kimoja, akafunga kifuniko.

“Na Zambia je, mama?”

“Baba, Zambia siyo Afrika Kusini.”

Hakukosea. Kwa Kiswahili jina hilo lina mwenyewe. Nimefuta, nimeandika KUSINI MWA AFRIKA, kama tunavyoiita SADC: Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Mashariki nako kuna lake. Kwa wengi wetu Afrika Mashariki ni Kenya, Uganda na Tanzania, basi. Eritrea na Madagaska wala hazitujii, ingawa Jumuiya yenyewe sasa ina nchi nane, Kongo Kinshasa na Somalia zikiwemo.

Nikisubiri rangi ikauke, majina haya yamenizunguka kichwani. Kaskazini na kusini ni pepo za mabaharia wa pwani, kaskazi na kusi. Magharibi ni kwa Kiarabu, linakozama jua. Ndiyo maana Moroko kwa wenyewe ni al-Maghrib, nami nimeipaka rangi ya Kaskazini. Sahel, ule ukanda wa kusini mwa jangwa la Sahara, ni ndugu wa damu wa neno Swahili: zote ni pwani, ila bahari yao wale ni ya mchanga. Ningekuwa na kopo la sita ningewapa wao.

Rafiki yangu mmoja alishauri mgawanyo wa Umoja wa Mataifa niupake upande wa pili wa vipande. Geuza kipande cha Somalia uone: pembe inaelekea Kongo.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Rangi ni kanda za Umoja wa Afrika. Nukta ndogo juu yake ni jumuiya ambazo nchi imejiunga nazo. Tanzania ina mbili, ya Afrika Mashariki na ya SADC. Kongo Kinshasa ina nne, utadhani ina tetekuwanga. Mali, Niger na Burkina Faso nilizitia nukta ya ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, kwa mazoea, kumbe zilishatoka rasmi Januari 2025. Nimezikwangua kwa wembe. Burundi imebaki kijani, na nukta nyeupe ya Afrika Mashariki nimeitia kwa kijiti cha meno. Imevimba kidogo, ikagusa ukingo wa Rwanda. Nimeiacha.

Bado vanishi, na Lesotho, ambayo haijaonekana tangu Jumapili ya visanduku.