Siku moja maishani mwangu: karani wa mapokezi mwenye dispraksia

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko macho, ingawa kazi inaanza saa mbili. Wenzangu huuliza muda wote huo nafanya nini. Navaa. Nguo nimezipanga tangu jana kwa mfuatano wa kuzivaa, ya kwanza juu kabisa, na hakuna hata moja yenye vifungo vidogo. Sketi naivaa nimekaa, maana kusimama kwa mguu mmoja huku mikono inafanya jambo jingine ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Viatu havina kamba. Saa ya mkononi hukaa mkono wa kushoto siku zote, kwa sababu ndiyo inayonionyesha kushoto ni wapi mtu akinielekeza njia.

Nina dispraksia. Misuli yangu haina kasoro, macho yanaona, akili iko sawa. Shida iko katika namna ubongo unavyopanga mwendo: kiungo kipi kitangulie, kwa nguvu kiasi gani, kisimamie wapi. Kwa watu wengi, tendo likirudiwa vya kutosha hujiendesha lenyewe. Kwangu halizoeleki upesi, na mengine hayajazoeleka mpaka leo. Mfikirie mtu aliye katika wiki ya kwanza ya kujifunza udereva, anayewaza klachi, gia na kioo vyote kwa pamoja. Ndivyo ninavyomimina maji kwenye glasi. Uchovu wangu unatoka hapo, na hilo ndilo ningependa watu walielewe kuliko jambo lingine lolote kuhusu hali hii.

Saa moja niko njiani. Barabara navuka penye taa, hata nikilazimika kuzunguka, na ngazi nashuka nimeshika reli.

Saa mbili tunafungua kaunta. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki, na anayedhani kazi hii ni kutabasamu na kuonyesha watu mlango wa choo hajawahi kuikalia siku nzima. Naandikisha wagonjwa, napanga miadi, napokea simu, nafuatilia majibu ya vipimo yaliyochelewa, namtuliza aliyetoka mbali akaambiwa daktari hayupo. Kazi ya maneno naiweza, tena naiweza vizuri. Nakumbuka nyuso na majina, na nani anaogopa sindano. Simu naisikiliza kwa vipokea sauti vya kichwani ili mikono yote ibaki kwenye kibodi. Mwenzangu wa kaunta na mimi tumeshagawana: bahasha, stepla na kutoboa karatasi ni zake, wenye hasira ni wangu. Anasema yeye ndiye aliyepata nafuu kubwa zaidi.

Saa nne na robo sistimu ya kompyuta ikazima.

Sistimu ikizima tunarudi kwenye fomu za karatasi, zile zenye visanduku vidogo, herufi moja kila kisanduku. Katika kazi zangu zote hakuna ngumu kama kuandika kwa mkono. Mkono haukadirii kalamu ikandamizwe kiasi gani, basi unaikandamiza sana. Baada ya fomu chache gumba linauma mpaka kwenye kiwiko, na herufi zinataka kutoka nje ya mistari. Wakati huohuo mgonjwa anaongea, simu inaita, foleni inasogea karibu na kaunta, na kila sauti inachukua kipande cha fikra ninayoihitaji ili nifunge duara la herufi moja.

Mzee mmoja alipofika mbele, akanitajia namba ya simu yote kwa pumzi moja. Nikamwomba anitajie tatu tatu. Akairudia yote, kwa sauti ya juu zaidi.

"Binti, unaandika au unachora?"

"Naandika, mzee. Mkono wangu huenda polepole. Namba ikikosewa, majibu yako hayatakufikia."

Akageukia walio nyuma yake. "Huyu amelewa au ana usingizi?"

Wawili watatu wakacheka. Nimelisikia hilo mara nyingi. Utotoni huitwa mzembe, ukubwani unaitwa mlevi, na mtu anakuhukumu akiangalia vidole vyako bila kusoma ulichoandika. Nilichoandika kilikuwa sahihi. Nilimwambia sijalewa, nikaendelea na kisanduku kilichofuata. Akadai aitiwe bosi. Nikamwonyesha mlango wa ofisi, akabaki palepale akinitazama mkono, na hakuna kinachoufanya mkono huu kuwa mzito kama kutazamwa.

Mwenzangu akavuta kiti chake. "Wewe uliza, mimi naandika."

Tukafanya hivyo. Nikamsomea mzee namba yake, akaitikia, akachukua kadi, akaenda kukaa. Radhi hakuomba. Foleni ikatembea kuliko ilivyotembea asubuhi yote.

Saa saba ikapita, tukala saa nane kasoro. Kijana aliye kwenye mafunzo kazini akaniuliza, "Lakini dada, si hiyo ni ya watoto?" Ni swali la haki. Inakadiriwa kuwa watoto 5 hadi 6 kati ya kila 100 wa umri wa shule wanayo, na wengi hukua nayo. Shirika la Afya Duniani linaiweka kwenye kundi la matatizo ya ukuaji wa mfumo wa neva, na ubongo uliokua hivyo hauachi kuwa hivyo siku unapoajiriwa. Mwigizaji Daniel Radcliffe alisema hadharani mwaka 2008 kwamba anayo, na kwamba kufunga kamba za viatu humtaabisha. Mimi nilipimwa nikiwa mtu mzima, baada ya miaka ya kuambiwa niongeze bidii. Kijana akauliza anisaidieje. Nikamwambia: ukinipa maelekezo, niandikie, moja baada ya jingine, na usininyang'anye kitu mkononi kabla sijaomba.

Mchana sistimu ilirudi, na fomu zote za asubuhi zikabidi ziingizwe. Kwenye kibodi niko sawa, ila fikra zilikuwa zimekwisha. Nilisoma kila jina mara mbili. Kona ya meza ilinipata nyonga mahali pale ilipo siku zote. Taa zilikuwa kali, maneno yalichelewa kunijia, nikawa najibu simu kwa sentensi fupi. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi kirundo kilipokwisha. Najua hakuna namba iliyokosewa, maana nilizikagua zote.

Nyumbani sikushika kisu. Jioni ya siku kama hii nakula kisichohitaji kukatwa.

Kabla sijalala nikamwandikia bosi mambo mawili: visanduku vya fomu za dharura viongezwe ukubwa, na sistimu ikizima, kaunta ikaliwe na wawili, mmoja aulize, mwingine aandike. Akajibu palepale kwamba la pili linaanza kesho, na la fomu atalipeleka kwenye kikao cha Jumatatu. Nimemwomba na mimi niwepo.