Siku moja maishani mwangu: nachora jengo la sayansi la chuo kikuu jangwani

Saa 12 asubuhi. Nipo kiwanjani kabla jua halijatoka. Naweka kiganja kwenye ukuta wa majaribio, matofali ya udongo yenye unene wa sentimita 50. Umepoa kama mtungi. Jana jioni ulikuwa unatoa joto. Jangwani mawingu ya kulizuia joto usiku ni machache, linapaa kwa urahisi. Ukuta mnene hulichelewesha la mchana lisifike ndani mpaka nje kumeshapoa.

Saa 2. Ofisini. Mteja anataka vioo upande wa magharibi, maana lango kuu liko huko. Nimemkatalia kwa adabu, na nitaendelea kumkatalia. Jua la adhuhuri liko juu, kibao kifupi cha kivuli kinalimudu. La alasiri huinama na kuingia moja kwa moja chini ya kivuli hicho. Jengo litalala kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini.

Saa 4. Kikao na mhandisi wa mitambo, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ofisi inaweza kuzungusha hewa yake ileile. Maabara ya kemia haiwezi: hewa uliyoipoza kwa gharama yote hutupwa nje pamoja na mivuke ya kemikali. Ikibidi hewa ibadilishwe mara 6 hadi 12 kwa saa, basi kila baada ya dakika 5 hadi 10 unaingiza chumba kizima cha hewa ya nyuzijoto 45, uichuje vumbi, uipoze, kisha uiage. Ndiyo maana nimezitenga ofisi na maabara tangu mchoro wa kwanza. Leo tumekubaliana jambo lililonifurahisha sana: hewa safi inayotoka ofisini, ambayo tayari ni baridi, ipelekwe maabara kabla ya kutolewa nje.

Saa 8 mchana. Fundi wa maabara ananionyesha kabati la kunyonya mivuke, lenye kioo cha kupandisha na kushusha mbele. Anashika kipande cha karatasi laini mbele ya uwazi wake, nacho kinalala kuelekea ndani. Kasi ni karibu nusu mita kwa sekunde. Anashusha kioo: uwazi umepungua, hewa inayohitajika nayo imepungua. Feni zetu lazima zifuate kioo hicho: kikishuka, nazo zipunguze kasi.

Saa 10. Kijana wetu wa michoro anauliza, "Dada, kwa nini tusiweke minara ya upepo kama ile ya Yazd, Iran?" Naipenda kwa moyo wote minara ile inayonasa upepo juu na kuushusha ndani ya nyumba. Lakini upepo huja na vumbi, na ukivuma vibaya unaweza kusukuma mivuke irudi kwa wanafunzi. Tumeuchora mnara mmoja, uani, penye viti vya kusomea.

Saa 12 jioni. Narudi kiwanjani. Upande wa nje wa ukuta siwezi kuuacha mkono juu yake. Nazunguka, nagusa wa ndani. Bado umepoa.