Mbio za Jumapili na kisigino changu

Kila Februari inapokaribia kwisha, kuna mama mmoja wa usharika wetu hunivizia nje ya kanisa. "Mwalimu, na mwaka huu utatukimbia?" Anatania, na tunacheka wote wawili, ila swali lenyewe halichekeshi. Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Jumapili, nami ni mwanakwaya wa alto, ile sauti ya chini ya wanawake, katika usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Moshi. Wenzangu wanapofungua madaftari ya nyimbo, mimi nimeshabandika namba kifuani pale Uwanja wa Ushirika, nanuka dawa ya kuchua misuli, nimebanwa katikati ya watu waliotoka Dar, Nairobi na Ulaya. (Halafu mdhamini ni bia. Na hilo nimeshaulizwa.)

Wenye kusomasoma hunitajia Eric Liddell. Mskoti yule, mtoto wa wamisionari, alizaliwa Tianjin, China, mwaka 1902. Kwenye Olimpiki ya Paris ya 1924, mchujo wa mita 100 uliangukia Jumapili. Hizo ndizo mbio watu walizomtegemea ashinde, naye akakataa kukimbia. Akaingia mita 400 na kuchukua dhahabu kwa sekunde 47.6. "Unaona?" wananiambia. "Mwenye imani alikataa."

Naona. Lakini hadithi yake haikuishia Paris. Mwaka uliofuata alirudi China kuwa mmisionari na mwalimu, na wakati wa vita, mwaka 1943, Wajapani wakamfungia pamoja na raia wengine wa kigeni katika kambi ya Weixian. Humo ndani aliwapangia vijana michezo, ila si Jumapili. Msimamo wake ulikuwa ule ule. Vijana wakacheza wenyewe Jumapili bila msimamizi, mchezo ukageuka ugomvi. Liddell akaamua kuwa refa, Jumapili hiyo hiyo. Alifariki Februari 1945 akiwa na miaka 43, kwa uvimbe wa ubongo, miezi michache kabla kambi haijafunguliwa. Mimi huyu wa pili, mwenye filimbi, ndiye ninayemwamini zaidi. Kukataa medali kwa ajili ya Mungu ni jambo kubwa. Kuulegeza msimamo wako mwenyewe kwa sababu watoto wa watu wanaumizana, hilo naliona gumu zaidi, na hakuna anayekuvisha nishani kwalo.

Basi kwangu ni Jumapili moja kwa mwaka, na mchungaji anajua. Zilizobaki nipo kwenye benchi la alto.

Mimi hukimbia kilomita 21. Anayeijua njia anajua kwamba mbio zenyewe ni kile kilima. Ukishatoka mjini unapanda kuelekea Mweka, lami inapita kati ya migomba na kahawa, na mwinuko wenyewe si mkali kiasi cha kukupa kisingizio cha kutembea. Hauishi tu. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kando ya barabara aliwahi kuniuliza kwa huruma ya kweli ni nani ananifukuza.

Watu hudhani hapo ndipo ninapoomba sana. Siombi. Pumzi ya kuombea sina. Ninachofanya ni kupitisha kichwani sauti yangu ya alto, ubeti kwa ubeti, nikifuata hatua. Hakuna mtu anayetoka kanisani akiimba alto. Soprano wanapanda na kushuka, wanasifiwa. Wewe umeshikilia noti moja hadi koo linakauka, na ukiiachia, wimbo unalegea. Kilima cha Mweka ni alto tupu.

Kikundi chetu cha joging kina fulana za bluu zilizoandikwa mgongoni Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Mstari mzuri, na fulana zinapendeza kwenye picha. Ila Paulo aliuandika akiwa kifungoni, na mstari unaoutangulia unasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Yaani "mambo yote" yale hayakuwa ushindi peke yake. Njaa nayo imo. Nilipendekeza toleo lijalo tuandike mstari wa 12. Mweka hazina akauliza ni nani atatoa hela anunue fulana iliyoandikwa "kuona njaa." Nikashindwa kura.

Mstari huo wa 12 mimi nilifundishwa na kisigino. Kama umewahi kuugua kisigino unayajua yale maumivu ya asubuhi: unashusha mguu kitandani, hatua ya kwanza unakanyaga msumari. Ukishatembeatembea yanapungua, mchana unajidanganya umepona, kesho asubuhi msumari upo pale pale. Hospitali wakaniambia ule utando mgumu unaopita chini ya unyayo umevimba. Kusimama darasani kutwa nzima juu ya sakafu ya saruji kulichangia, raba zilizokwisha soli nazo zilichangia. Nikaambiwa nisikimbie. Ninyooshe misuli ya shavu la mguu, nigandishe chupa ya maji niiviringishe chini ya unyayo, nisubiri.

Kusubiri ndiko kulikonitesa. Kwenye jumuiya waliniombea, wakaniwekea mikono, nikashukuru. Lakini ilipopita miezi bado nachechemea, ndugu mmoja akaniambia wazi kwamba tatizo ni uchache wa imani yangu. Sikumjibu siku ile. Ningemjibu, ningempeleka 2 Wakorintho 12: Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, na mwiba haukutoka. Alichopewa ni "Neema yangu yakutosha." Sidhani kuna mtu angemwambia Paulo aongeze imani.

Tangu nianze mazoezi nimekuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri. Wakati wa kisigino niliendelea kuamka saa ile ile, ila badala ya kwenda barabarani nilisimama kwenye ngazi ya mlangoni, vidole juu ya ngazi, visigino vinaning'inia, nasoma Zaburi ya 121 kwa sauti ya chini. Ina mistari minane, na ukiisoma bila haraka inatosha kabisa kunyoosha misuli. Inaanza na kuinua macho kuitazama milima, na siku ambazo hakuna mawingu mlima wenyewe nauona pale pale nilipo. Mume wangu alisema nimehamishia ibada barazani. Hapo ndipo imani yangu ilifanya kazi ambayo nguvu za mwili zisingeweza: ilinizuia nisikimbie. Mguu ungepata nafuu kidogo tu ningetoka, maana mkimbiaji ni mkaidi, na ningeanza upya.

Septemba 2025 tuliamka Jumatatu tukakuta simu zimejaa Simbu. Alphonce Simbu, kijana wetu wa Singida, amekuwa bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule na Mjerumani Amanal Petros, wametenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Kila mtu alizungumzia ule mruko wa mwisho. Mimi nilifikiria miaka minane. Shaba ya mashindano ya dunia aliipata London mwaka 2017. Katikati hapo kulikuwa na nafasi ya 7 Olimpiki ya Tokyo, na ya 17 ile ya Paris ya 2024. Watu wengine wangestaafu.

Nilirudi Mweka nikiwa mzito kuliko zamani. Palipobidi kutembea nilitembea, na kisigino kilinyamaza. Tukiwa pale uwanjani kikundi chetu husali kabla ya kuanza, na anayeongoza ni mzee wa kanisa mpenda maneno. Huombea nchi, viongozi, wafiwa, madereva wa mabasi, ndipo afike kwa wakimbiaji. Hakuna anayeombea ushindi. Mbele yetu wapo Wakenya, na sala nayo ina adabu yake. Mwaka huo ishara ya kuanza ilitolewa wakati yeye bado yuko kwa madereva. Umati ukatusukuma, tukaanza kukimbia macho yamefumbwa nusu, na Amina tukaisemea barabarani.