Kanga, mihimili na kuakisi maumbo

Ninapowasomesha watoto wa nyumbani kwetu Chake Chake hesabu za kuakisi maumbo, sianzi na kanuni ya kubadilisha alama. Kanuni yenyewe ni sahihi: nukta (3, 2) ikiakisiwa katika mhimili wa y huwa (−3, 2), na ikiakisiwa katika mhimili wa x huwa (3, −2). Hata hivyo, mtoto aliyehifadhi hayo tu hukwama pale mstari wa kuakisia unapokuwa mwengine.

Kwa hivyo hutandika kanga sakafuni, kipande kimoja cha doti, chenye urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110. Tukiifanya kona ya chini kushoto kuwa chanzo, (0, 0), mstari unaoigawa kanga baina ya kushoto na kulia ni x = 75, wala si mhimili wa y. Ua lililoko (20, 30) liko umbali wa sentimita 55 kutoka mstari huo, na pacha lake ni lazima liwe umbali huohuo ng'ambo ya pili, yaani (130, 30). Hakuna alama iliyobadilika. Kinacholindwa ni umbali kutoka kwenye mstari, unaopimwa kwa pembe mraba, na kubadilika kwa alama ni tokeo tu la mstari kuwa mhimili wenyewe.

Pindo na mji (sehemu ya katikati ya kanga) mara nyingi hustahamili kuakisiwa, lakini jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, halistahamili. Urefu na pembe za herufi hubaki vilevile, ila mwelekeo hupinduka, kama vile pembetatu ABC iliyozunguka kinyume na mwendo wa saa, ambayo taswira yake huzunguka kufuata saa. Kwa herufi kubwa, AMA husalimika katika mstari wa wima, ilhali MAMA huwa AMAM. Na DODO, ambalo mstari wa wima hulivuruga, husalimika katika mstari wa mlalo. (Watoto hulipenda zoezi hili kuliko yote, nami pia.)

Baada ya hapo tunaakisi mara mbili, kwanza katika x = 75, kisha katika y = 55. Ua letu hutoka (20, 30), hupita (130, 30), hufika (130, 80), ambapo ndipo lingefika kanga ingezungushwa nusu mzunguko. Mwelekeo uliopinduka mara mbili umerudi ulivyokuwa, hivyo jina linasomeka tena, ila na aliyekaa upande wa pili wa kanga.