Mpira haujui upande

Leo siku ya tano tangu tusikilize santuri barazani Jumapili, na bado namsikia Mjomba: "Mwanangu, mpira haujui upande wa kwanza wala wa pili." Zuhura ameolewa Jumamosi, ukaguzi wa ofisini umekwisha salama, umeme wa Makorora umerudi juzi usiku. Yote yamepita, ila maneno hayo yamekataa kuondoka.

Mnaokuja barazani Jumapili mnamjua Mjomba. Alipiga besi hapa Tanga wakati neno jazi lilikuwa na maana moja tu: bendi za Atomic na Jamhuri, magitaa yanajibizana na watu wanacheza mpaka usiku mkubwa. Kwa hiyo niliposhusha sindano juu ya Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi ya Marekani, nilitegemea aulize swali la wengi, mwimbaji anaingia saa ngapi. Hakuuliza. Alisikiliza besi ya Paul Chambers ikiuliza na wenzake wakiitikia, akalivuta gitaa, akagusa uzi wa D, akakunja uso.

"Hawa wako juu."

"Juu vipi, Mjomba?"

"Juu ya gitaa. Hawajafika nusu toni, lakini wamepanda."

"Ni mashine hiyo. Nimeifunga mpira mpya wa kuzungushia sahani, labda unavuta sana."

"Hebu geuza sahani."

Nikageuza. All Blues ikaanza, akapiga G, ikalingana na gitaa sawasawa. Ndipo aliposema lile la mpira. Nami, badala ya kunyamaza nikafikiri, nikamwambia huenda ni joto. Nilimwambia hivyo mtu aliyetuni magitaa maisha yake yote kwa sikio tupu. Akasema, "Haya," akamaliza kahawa yake, akaaga. Hiyo "haya" ndiyo inayoniuma.

Jumatatu niliipima mashine. Njia ni rahisi na haihitaji kifaa. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ukingo wa sahani, shusha sindano ili uzito wake uwepo, kisha hesabu mizunguko kwa dakika tatu kamili. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo lazima upate 100. Kila mzunguko unaozidi ni kosa la asilimia moja. Ukipata 106, muziki umepanda karibu nusu toni nzima, na hapo hata mtoto atasikia. Ukipata kama 83 na sauti zote zimekuwa za mazimwi, basi mashine yako imetoka Marekani, na mota yake inafuata mapigo ya umeme. Kwao ni 60 kwa sekunde, kwetu 50. Transfoma haitakusaidia hapo, maana inashusha volti tu na mapigo yanabaki yale yale. Tafuta puli, kile kigurudumu cha mota, ya mapigo 50.

Mimi nilipata 100. Nikarudia, 100 tena.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba habari yenyewe nilikuwa naijua. Santuri hiyo ilirekodiwa New York mwaka 1959 kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili. Siku ya kwanza mashine ya studio ilikwenda taratibu kuliko inavyotakiwa. Kanda iliyorekodiwa taratibu, ukiipiga kwa mwendo wa kawaida, inakimbia, na kila chombo kinapanda. Nyimbo tatu za siku ile ndizo zilizojaza upande wa kwanza. Za Aprili zikaenda upande wa pili, nazo ziko sawa. Watu waliinunua hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Lakini siku ile ilikuwapo pia mashine ya akiba iliyokwenda sawasawa, na kwa kanda yake matoleo ya miaka ya 1990 yakasahihishwa. Yangu ni ya zamani. Wanafunzi wangapi wa tarumbeta walikaa na sahani kama hii, wakasukuma bomba la kutunia ndani kidogo ili wamfikie Miles, wakidhani kosa ni lao?

Tangu nilipokubali hilo, uchungu umegeuka. Usiku wa jana nilitoa sahani moja baada ya nyingine nikizisikiliza kwa sikio la Mjomba, nikafurahi kama mtu aliyepewa santuri mpya. Rumours ya Fleetwood Mac, ya mwaka 1977, nilikuwa naisifu kwa usafi wake tu. Sasa najiuliza walivyoupata. Kanda yao ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi mno mpaka sauti kali za juu zikaanza kufutika, ikabidi waliyoyaongeza yaunganishwe na nakala ya kanda ya mwanzo ambayo haikuchakaa. Anayesema rock ni kelele aisikilize ngoma ya miguu mle ndani, kila pigo linasimama peke yake.

Jim Reeves wa Shangazi simgusi. Ameimba karibu na maikrofoni, kwa sauti ya chini, na ukiongeza besi ili asikike mtaa mzima unamharibu. Iache spika kama ilivyo.

Iliyobaki ni ya Johnny Cash, mwimbaji wa country wa Marekani. Jirani yetu anaipenda santuri ya gereza la Folsom kuliko zote, na mahali anapopapenda ni pale Cash anapotaja kumpiga mtu risasi kule Reno na wafungwa wanashangilia. Tamasha ni la kweli, tarehe 13 Januari 1968. Lakini shangwe ya baada ya mstari ule iliongezwa baadaye studio. Wafungwa wenyewe walikuwa waangalifu, askari wakiwa wamesimama pembeni. Sijamwambia. Kwangu mimi ukimya wao una uzito kuliko makelele yale, lakini kila Jumapili naye hupiga makofi palepale, na sijui kama ni haki yangu kumwondolea.

Mjomba ndiye wa kuambiwa kwanza. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitakwenda kwake Ngamiani, nichukue toleo lililosahihishwa kwenye simu na ile spika ndogo, nimwombe atoe gitaa. Sitaanza na Miles Davis. Nitaanza na samahani.

Mnazi wa uani umeinama zaidi tangu upepo wa jana, na sasa umeelekea moja kwa moja kwenye bati la Mama Salma. Mkwezi niliyempigia yuko Pangani mpaka Jumanne. Mbingu ya upande wa bahari imekuwa nyeusi tangu alasiri, na chumba cha watoto wake ndicho kiko chini ya bati lile.