Siku moja maishani mwangu: msokota uzi wa Boonesborough

Saa 11 alfajiri

Lexington bado giza. Mume wangu yuko zamu ya usiku ghalani, atarudi saa 12 na nusu, na salamu zetu za asubuhi tunapeana mlangoni, yeye akivua viatu mimi nikivaa. Namwachia chai kwenye chupa. Watoto nawaamsha mmoja mmoja, maana bafu ni moja.

Nguo za kazi nilizipiga pasi jana: gauni la kitani linalofika vifundoni, aproni, shali, na kofia nyeupe ya kitambaa inayofunika nywele zote. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba kazi yangu ni kusokota uzi mbele ya wageni katika ngome ya Boonesborough, jimbo la Kentucky. Ngome yenyewe ni ya magogo, ilijengwa upya miaka ya 1970 karibu na pale ya kwanza ilipoanzishwa Aprili 1775. Watu huniuliza imekuwaje mzaliwa wa Uvira huko Kongo, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, ndiye awe anayewasimulia Wamarekani maisha ya bibi zao. Jibu langu ni kwamba kulikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitafuta wa kumrithisha gurudumu lake la kusokotea, na mimi nilikuwa nikifagia chumba kile kile. Nikaomba nijaribu.

Saa 1 na nusu asubuhi

Barabara kuu inashuka kuelekea kusini mpaka daraja la Clays Ferry, juu sana ya mto Kentucky. Asubuhi kama hii bonde zima limejaa ukungu, mto huuoni. Nikifika hapo huwa nawakumbuka wale watu kama 30 walioongozwa na Daniel Boone, mwindaji aliyeianzisha ngome hii, mwezi Machi 1775, wakifyeka njia kwa shoka kupitia pengo la Cumberland milimani, mwendo wa kilomita zaidi ya 300. Mimi nimetumia dakika 20 tangu nitoke nyumbani.

Katika msafara ule walikuwemo wanawake wawili tu. Mmoja alikuwa Susannah, binti wa Boone, mwenye miaka 14 na ndoa changa kabisa. Wa pili alikuwa mtumwa. Walipika, walifua, walilala pale wanaume walipolala. Ndiyo maana nikisikia mgeni akisema "Boone aliifungua Kentucky," moyoni nawaongeza hao wawili, na kama nafasi ipo nawataja kwa sauti.

Saa 2 na robo

Kuwasha moto. Tunatumia jiwe la gumegume, kipande cha chuma na kitambaa kilichochomwa kikawa cheusi. Cheche ikiangukia kitambaa unakifunika kwa nyasi kavu, unapuliza polepole. Leo umeshika mara ya pili. Juu ya moto naning'iniza sufuria ya mahindi yaliyolala kwenye maji ya majivu tangu jana.

Saa 3

Basi la kwanza la shule linafika, na darasa lote linakimbilia kinu.

Kinu hiki ni kisiki kilichochimbwa tumbo kwa moto wa makaa, na mchi wake ni gogo zito. Walowezi walikitumia kwa sababu mwanzoni vinu vya kusaga kwa maji havikuwepo. Mahindi yalilowekwa kwenye maji ya majivu mpaka ganda likavuka, yakaoshwa, yakapikwa au yakatwangwa. Wageni wanadhani nimefundishwa kutwanga hapa ngomeni. Mimi nilitwanga nikiwa na miaka saba, nikipokezana na mama yangu, na hicho ndicho kitu pekee katika ngome hii ambacho mikono yangu ilikijua siku ya kwanza. Nawaonyesha watoto jinsi ya kuuachia mchi uanguke kwa uzito wake badala ya kuusukuma.

Nawaambia pia kwamba mahindi yalikuwa zaidi ya chakula. Sheria ya mwaka 1779 ya Virginia, iliyokuwa ikiitawala Kentucky wakati huo, ilimpa ekari 400 mtu aliyekwisha kufika na kulima kabla ya mwaka 1778, pamoja na haki ya kununua 1,000 zaidi. Shamba la mahindi lilikuwa ushahidi wako. Lakini upimaji ulikuwa wa ovyo, mipaka ilipandana, na Boone mwenyewe, aliyewapimia wengine ardhi, alipoteza karibu yote aliyokuwa amejiandikia. Mwalimu wao anaandika. Watoto wanataka zamu ya mchi.

Nikiwa nasema haya, binti mmoja wa miaka kumi hivi anasogea karibu, ananiangalia mdomo, halafu kwa sauti ya chini:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwenu wapi?"

"Baba anasema Fizi. Mimi nimezaliwa Nyarugusu."

Mkono wangu unasimama. Lexington tuko wengi, kanisani na dukani nakutana na Kiswahili kila wiki, lakini humu ngomeni hainitokei sana. Namwambia mimi nimekulia huko huko. Anafikiri kidogo, kisha anauliza swali ambalo watu wazima hawaniulizi: "Huyu Boone alipokuwa anaenda porini, watoto alibaki nao nani?"

Saa 4 na nusu

Basi namjibu yeye, na darasa linasikiliza.

Alibaki nao mkewe, Rebecca. Rebecca Bryan aliolewa Agosti 1756 akiwa na miaka 17, huko bonde la Yadkin, North Carolina. Alizaa watoto kumi, na juu yao akalea yatima wa ndugu. Mei 1769 mumewe aliondoka kwenda kuwinda Kentucky, akarudi mwaka 1771. Daniel Morgan, mtoto wao, alizaliwa Desemba 1769, mwezi ule ule ambao baba yake alikamatwa na Washawnee, moja ya mataifa ya wenyeji wa asili, na kunyang'anywa ngozi zote za kulungu alizokusanya. Ngozi ndizo zilizokuwa za kulipia madeni. Kwa hiyo hesabuni: mke yuko peke yake, watoto saba, shamba la kulima, ng'ombe wa kukamua, kitani cha kuvuna, madeni yanamsubiri, na habari za mume hana.

"Na hao Washawnee kwa nini walimnyang'anya?" anauliza mvulana.

Kwa sababu kule kulikuwa ni mawindo yao, na walipomwachia walimwonya arudi kwao. Hili silifupishi hata siku ikiwa na haraka. Mwaka 1768 Wairokwa, wenyeji wengine wa asili, waliuza kwa Waingereza haki ya ardhi ya Kentucky ambayo wao hawakuishi. Machi 1775 kampuni ya ardhi ya Richard Henderson ikanunua kwa Wacherokee, nao wenyeji wa asili, eneo la ekari kama milioni 20. Washawnee hawakuwemo katika mapatano yale yote mawili, na ndio waliowinda hapa. Mimi natoka mahali ambako watu wameuana kwa sababu ya nani alifika kwanza na nani aliandikiwa nini, na siwezi kusimama katika uwanja huu nikasimulia upande wa ndani ya ukuta peke yake.

Kisha ninawapa kile walichokijia, habari ya Jemima. Jumapili ya tarehe 14 Julai 1776, Jemima, binti wa Boone, miaka 13, alikuwa mtumbwini na marafiki zake wawili, Betsy na Fanny Callaway, hapo mtoni chini ya ngome. Washawnee na Wacherokee waliwakamata. Wasichana walivunja vijiti njiani na kukandamiza visigino kwenye tope ili wafuatwe. Siku ya tatu Boone na wenzake waliwafikia na kuwakomboa. Darasa linashusha pumzi. Yule binti wa Fizi anapoondoka ananipungia mkono mpaka basi linapokata kona.

Saa 6 mchana

Nakula nje nyuma ya kibanda: mahindi ya moto ule, maharage kutoka nyumbani, pilipili yangu.

Baada ya kula napita kwa mhunzi. Mzee huyu hupenda kuwaeleza wageni baruti, na tumekubaliana asimwache Monk Estill. Monk alikuwa mtumwa katika makazi haya, na ndiye aliyejua kutengeneza baruti kwa chumvi ya shura. Gobore bila baruti ni fimbo tu, kwa hiyo uhai wa watu wote waliokuwa ndani ya ukuta ulipita mikononi mwake. Machi 1782, katika pambano lililomuua bwana wake, Monk alimbeba majeruhi mmoja kwa maili nyingi mpaka nyumbani. Familia ya Estill ikamwacha huru. Boone naye alimiliki watumwa, saba kufikia mwaka 1787. Wageni wengine huinamisha uso wakisikia hivyo. Mhunzi huwasubiri, hasogei kwenye habari nyingine mpaka wainame na kuinuka.

Saa 8 mchana

Sasa niko kwenye gurudumu, na hapa ndipo kazi yangu ilipo hasa.

Kitani hakianzi na uzi. Mmea unapandwa majira ya kuchipua, unang'olewa na mizizi yake ili usipoteze urefu, unalazwa kwenye umande au majini mpaka gamba lilegee, unakaushwa, unavunjwavunjwa kwa mashine ya mbao, unapigwa kwa ubao kuondoa mabua, kisha unachanwa kwenye misumari mara nyingi mpaka ubaki ule wenye kung'aa kama nywele. Kisha ndipo usokote, kwa kidole kilicholowa maji. Walowezi wa mwanzo hapa hawakuwa hata na mashamba ya kitani ya kutosha, wakatoa nyuzi kwenye upupu wa msituni na kuchanganya na manyoya ya nyati wa huku. Kila shati aliloonekana nalo mwanamume porini lilikuwa limekaa kwanza mapajani mwa mwanamke kwa miezi.

Leo mama mmoja aliyekuja na wajukuu anakaa kwenye benchi muda mrefu bila kusema. Halafu anauliza kama Rebecca aliwahi kuzika mtoto.

Aliwazika. William alikufa mchanga mwaka 1775. Israel aliuawa vitani Blue Licks mwezi Agosti 1782, na baba yake yuko papo hapo. Lakini wa kwanza alikuwa James, mtoto wake wa kwanza. Oktoba 1773 familia ilikuwa safarini, jaribio lao la kwanza la kuhamia Kentucky. James, miaka 16, alikuwa nyuma na kundi dogo lililobeba unga na kuswaga ng'ombe. Walishambuliwa alfajiri. James na Henry Russell, mtoto wa rafiki wa baba yake, waliteswa kabla ya kuuawa. Tunazijua habari zile kwa sababu ya mtumwa aliyeitwa Adam, aliyejificha karibu na kusikia yote. Inasimuliwa kwamba Rebecca hakwenda kaburini. Alitoa shuka la kitani, akalipeleka, ili vijana wale wazikwe bila udongo kuwagusa mwili.

Kabla sijajua kusokota, niliposikia habari ya shuka lile niliona ni kitambaa tu. Sasa najua. Mwanamke aliyekuwa safarini, ambaye mali yake yote ilikuwa juu ya mgongo wa farasi, alitoa kazi ya mwaka mzima ya mikono yake ikawa sanda. Mwaka 1996 tulipokimbia Uvira mama yangu alimzika mdogo wangu wa miezi minane kwa kitenge alichokuwa amejitanda. Hakikuwa kizuri, lakini kilikuwa cha pekee alichokuwa nacho, na aliingia kwenye boti mabega wazi. Nimemweleza yule bibi hili. Ameshika mkono wangu uliolowa, wajukuu wakimvuta nguo... tukakaa hivyo.

Baada ya msiba ule Rebecca hakukaa mahali pamoja. Nimehesabu mihamo yake tangu ndoa, inapita kumi: North Carolina, Virginia, hapa, tena North Carolina mwaka 1778 mume wake alipotekwa na Washawnee na watu wakadhani amekufa, kisha kurudi, kisha mbele tena, mpaka Missouri mwaka 1799. Boone alipotoroka Juni ile ya 1778, akienda maili 160 kwa siku chache, kwanza kwa farasi kisha kwa miguu, alikuta kibanda kitupu. Ni Jemima peke yake aliyebaki kumsubiri.

Saa 10 na nusu

Wageni wameondoka. Nazima moto, nachukua majivu ya leo, ya mti mgumu tu, nayamwaga kwenye pipa lenye nyasi chini. Maji yakipita humo yanatoka ya kahawia, makali ya kuunguza. Yai likielea, yanafaa kwa sabuni.

Saa 1 usiku

Nyumbani. Bugali, sombe, samaki. Mume wangu anaondoka saa 2. Tunakula wote kwa haraka lakini wote, na hilo silikubali livunjwe.

Binti yangu mkubwa ananisaidia kukunjua uzi wa wiki hii kwenye mgongo wa kiti na kuuhesabu mizunguko. Anauliza kama sasa unatosha shuka. Nimesokota tangu Aprili, na uliopo hautoshi hata nusu ya upana. Anauviringisha vizuri, anauweka kwenye kapu karibu na mlango, juu ya kofia yangu ya kesho.